Kijiji Kilichofukiwa na Majivu, na Somo Ambalo Nilisahau Kumfundisha Kijana Wangu

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Nataka tutembee pamoja hadi kwenye kijiji kimoja cha wakulima kilichofukiwa na majivu ya volkeno takriban miaka 1,400 iliyopita. Msikimbie, hii siyo historia ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwishoni kuna kazi ya kufanya shambani.

Nianze na deni langu. Msimu uliopita kijana mmoja kwenye kata ninayohudumia alilima ekari tatu za mahindi. Nilikuwa naye tangu mwanzo. Nafasi ya kupandia tulipima kwa kamba, mbolea ya kupandia na ya kukuzia aliweka kwa wakati, viwavijeshi tukapambana navyo mapema. Shamba likapendeza, watu wakawa wanasimama barabarani kupiga picha. Mahindi yalipoanza kukomaa nikahamia kwa wengine. Moyoni nilijua kazi yangu pale imekwisha.

Mvua mwaka ule zilichelewa kukata. Kijana akavuna kwa haraka, akapukuchua, akajaza magunia 41 yakiwa bado na unyevu. Mnunuzi alikuja na gari, akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, akang'ata punje mbili, akalifunga na kuondoka. Wiki ya tatu nikaitwa. Nilipofungua gunia nilipokewa na joto na harufu ya uvundo. Kijana hakugomba. Alisema tu, "Bwana shamba, kulima ulinifundisha. Kuvuna hukunifundisha."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu yale yanayofanyika baada ya zao kukomaa, na katika kusoma huko ndipo nikakutana na kijiji cha Joya de Cerén, nchini El Salvador, Amerika ya Kati.

Kiligunduliwaje?

Mwaka 1976 serikali ya El Salvador ilikuwa inajenga maghala ya nafaka. Tingatinga likiwa linasawazisha kilima, likakata ukuta na sakafu ya nyumba iliyokuwa chini ya majivu. Ndiyo, ndugu zangu, kijiji hiki cha wakulima kimepatikana kwa sababu ya ujenzi wa maghala.

Mwanzoni watu walidhani ni nyumba ya juzi juzi tu, maana paa la nyasi lilikuwa bado linaonekana. Mwaka 1978 akafika mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Payson Sheets wa Chuo Kikuu cha Colorado. Nyasi za paa zikapimwa maabara, ikaonekana umri wake ni zaidi ya miaka elfu moja. Ilikuwa nyumba ya zama za Wamaya. Mwaka 1993 UNESCO ikakiingiza kijiji hiki kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kilichokifunika ni mlipuko wa volkeno ndogo iitwayo Loma Caldera, iliyopasuka mita 600 hivi kutoka kijijini. Lava ilikutana na maji ya mto, ukatokea mvuke na majivu mengi yenye unyevu. Majivu yakashuka tabaka juu ya tabaka, tabaka 14 kwa hesabu ya wataalamu, hadi kufikia kina cha mita 5 hivi.

Jambo la ajabu ni lile tabaka la kwanza. Lilikuwa laini na lenye maji, likajibana kwenye kila mmea kama udongo wa mfinyanzi. Baadaye mmea ukaoza, pakabaki tundu lenye umbo lake. Wachimbaji wanapokuta tundu wanamimina plasta ile ya madaktari wa meno, wanasubiri igande, halafu wanaondoa majivu taratibu. Linatoka hindi, linatoka shina la muhogo, linatoka jani. Ndiyo maana nasema Cerén ni shamba darasa. Magofu mengi ya Wamaya yanakuonyesha mahekalu na makaburi ya wafalme. Hapa unaonyeshwa jembe lilipowekwa na tuta lilivyochongwa.

Jioni moja ya mwezi Agosti

Tunajuaje kama ilikuwa jioni? Vyombo vilikuwa havijaoshwa. Kwenye mabakuli kulikuwa na mabaki ya chakula, na alama za vidole vilivyofuta chakula bado zinaonekana. Mikeka ya kulalia ilikuwa haijatandikwa. Zana za shambani zilikuwa zimesharudishwa nyumbani. Kwa hiyo watu walikuwa wametoka kula, hawajaenda kulala.

Na tunajuaje kama ilikuwa Agosti? Kwa mahindi. Mahindi ndiyo kalenda iliyotumika kutaja mwezi. Nitarudi hapo.

Kijiji kilikuwa na watu wanaokadiriwa kufika 200. Kaya moja haikuwa na nyumba moja tu. Ilikuwa na nyumba ya kulala, jiko lake peke yake, na ghala lake peke yake. Kuta zilikuwa za miti na udongo, kama nyumba nyingi tulizokulia sisi, na zilijengwa kwa namna ya kuhimili matetemeko. Visu vyao vilikuwa vipande vya obsidiani, jiwe jeusi la volkeno lenye makali kama wembe, nao walivichomeka juu kwenye nyasi za paa ili watoto wasivifikie. Bibi yangu alikuwa anachomeka wembe palepale.

Kulikuwa na bafu la mvuke lenye paa la mviringo, linalotosha watu kumi na wawili hivi. Kulikuwa na jengo kubwa lenye mabenchi ambalo linaonekana lilikuwa la mikutano, tuseme ofisi ya kijiji. Ndani ya ghala moja bata alikuwa amefungwa kamba. Kwenye mapaa kulikuwa na panya. Panya, ndugu zangu! Miaka 1,400 iliyopita, na tatizo ni lile lile.

Mahindi yaliyokunjwa

Sasa tuingie shambani. Kwenye shamba la kaya moja walikuta mahindi yaliyokomaa yakiwa bado yamesimama kwenye matuta, lakini kila bua limekunjwa katikati na mahindi yananing'inia yakitazama chini. Siyo volkeno iliyoyakunja. Mkulima ndiye aliyeyakunja, kwa mkono wake.

Wakulima wa Amerika ya Kati wanafanya hivyo mpaka leo. Mahindi yakishakomaa, unalipinda bua chini kidogo ya hindi. Ncha ya hindi ikitazama chini, maganda yanakuwa kama paa. Mvua inateleza inadondoka, haiingii kwenye punje. Ndege naye anapata shida kung'ang'ania. Bua likishakunjwa halipandishi maji tena, zao linaendelea kukauka likiwa shambani.

Hapa ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Msimu wa mvua El Salvador unaanza Mei hadi Oktoba. Agosti ni katikati ya mvua! Mkulima wa Cerén alipanda mvua zilipoanza, zao likakomaa mvua zikiwa bado zinanyesha. Yaani tatizo lake ni lile lile la kijana wangu wa magunia 41. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jibu. Hakuvuna yakiwa mabichi kwa sababu ya haraka, na hakuyaacha yamesimama yanywe maji. Alikuwa na hatua ya tatu, katikati ya kukomaa na kuvuna. Sisi wengi hatuna hatua hiyo. Kwetu zao likishakomaa ni kutafuta gari.

Na kwa sababu mahindi yalikuwa yamefikia hatua hiyo ya kukunjwa, na kwingine kijijini kulikuwa na mahindi machanga, wataalamu waliweza kusema mlipuko ulitokea mwezi wa nane. Hebu fikiria, kazi ya mikono ya mkulima mmoja imekuwa ndiyo saa ya kusomea historia.

Muhogo: walivuna na kupanda siku zile zile

Mwaka 2007 kundi la Sheets likagundua kitu kingine nje kidogo ya makazi: shamba la muhogo, lenye matuta makubwa yaliyopangwa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wanabishana kama Wamaya walilima muhogo kwa wingi, maana muhogo hauachi ushahidi kirahisi kama mahindi. Majivu yakamaliza ubishi.

Angalieni walichokikuta. Muhogo ulikuwa umeshang'olewa muda mfupi tu kabla ya mlipuko, mizizi michache ikiwa imesahaulika ardhini. Na kwenye matuta yale yale, vipande vya mashina vilikuwa vimeshalazwa kwa ajili ya msimu unaofuata. Hawakusubiri. Wamevuna, wamechonga tuta upya, wamezika mbegu.

Kingine kilichonichekesha ni mipaka. Mashamba yalikuwa yamepakana, na inaonekana wazi kwamba kila eneo lina mtu wake. Huyu matuta yake yamenyooka na ni nadhifu, jirani yake amelima kizembe. Nikasema kumbe hata kule afisa ugani angekuwa na kazi.

Kwa faida ya wale wanaoniuliza, mahindi asili yake ni huko huko, Meksiko. Tunayaita mahindi lakini hayakutoka India. Muhogo nao asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Hata mkonge wetu ni mzao wa Meksiko, uliingizwa Tanganyika mwaka 1893. Na dumuzi, yule mdudu ambaye wazee wanamwita Scania, naye ni wa Amerika ya Kati, vilevile viwavijeshi vamizi vilivyotuvamia miaka ya karibuni vimetoka bara hilo hilo. Mazao tulipokea, wadudu tukapokea, lakini ile hatua ya katikati ya kukomaa na kuvuna wengi wetu haikutufikia.

Ghala na bidhaa ya kila kaya

Nyinyi ni wakulima wa biashara, kwa hiyo sehemu hii ni yenu.

Wataalamu walipochimba kaya moja moja waligundua kwamba kila moja ilikuwa na kitu inachozalisha zaidi ya mahitaji yake. Chakula cha msingi kila mtu alilima. Juu ya hapo kila kaya ilikuwa na bidhaa yake.

Kaya waliyoipa namba 4 ilikuwa na bustani yenye mimea kama 70 ya jamii ya mkonge. Nyuzi zake zingeweza kutosha kamba za kaya kumi na zaidi, kwa hiyo haikuwa ya matumizi ya nyumbani tu. Bustani hiyo hiyo ilikuwa na pilipili, mkakao na mpera. Ghala lao lilikuwa na kihenge cha mahindi, maharage ndani ya vyungu, pilipili zikining'inia juu, mbegu za kakao na za pamba. Kaya namba 2 inaonekana ilikuwa inapaka rangi vibuyu. Kaya namba 1 ilikuwa na mawe ya kusagia mengi kuliko yanayohitajika na familia moja.

Wauze ili wapate nini? Obsidiani haipatikani pale kijijini, ilitoka Ixtepeque, kwenye nchi ambayo leo ni Guatemala. Vyungu vya rangi na mashoka ya jiwe la kijani la jade navyo vilitoka mbali. Na bado vitu hivi vimekutwa kwenye nyumba za wakulima wa kawaida, siyo kwa wafalme. Kaya moja ilikuwa na vyungu na vyombo vya udongo kama 70.

Sheets ana maelezo ambayo nimeyapenda sana. Anasema wakulima hawa hawakuwa na soko moja tu la kwenda. Kulikuwa na mji mkubwa wa San Andrés, kama kilomita 5 kutoka kijijini, na kulikuwa na vituo vingine. Mkulima akiona hapa anabanwa bei, anabeba mzigo anapeleka kwingine. Kwa hiyo wakubwa wa mji hawakuweza kumpangia kila kitu.

Sasa niulize, mkulima anapataje nguvu ya kuondoka sokoni na mzigo wake bila kuuza? Anaipata kwa sababu mzigo wake ni mkavu na una mahali pa kulala. Kijana wangu hakuwa na nguvu hiyo. Mahindi yake yalikuwa yanaoza, angekubali bei yoyote, na hata hiyo bei yoyote hakuipata. Watu wanasema madalali ndio wanaotumaliza. Wapo wanaotumaliza, sikatai. Lakini mkulima mwenye mahindi mabichi ameshapoteza sauti kabla dalali hajafungua mdomo.

Kazi ya kufanya msimu huu

1. Jua zao limekomaa lini. Menya hindi, ng'oa punje, tazama kitako chake. Ukiona alama nyeusi, punje imeshamaliza kula. Hapo imekomaa, lakini bado ni bichi na haifai kuwekwa ghalani.

2. Kama mvua bado ipo, jaribu kukunja. Pinda bua chini ya hindi, ncha itazame chini. Usilikate likatengana kabisa, na hindi lisiguse ardhi kwa sababu ya mchwa na ukungu. Anza na mistari michache kwanza, usikunje ekari nzima kwa kunisikia mimi tu.

3. Usiyasahau shambani. Kukunja siyo kuhifadhi. Ukichelewesha sana dumuzi anaanza kula zao likiwa hapo hapo shambani, halafu unambeba mwenyewe hadi ghalani.

4. Anika juu ya turubai, siyo kwenye udongo. Lenga unyevu wa asilimia 13 hivi. Huna kipimo? Chukua chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo na punje, funga, tikisa, iache kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Ikibaki inamwagika yenyewe, endelea.

5. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Mahindi yakiingia na unyevu, mfuko huo hautakusaidia.

6. Tenga kidogo kwa ajili ya bidhaa ya pili. Siyo lazima iwe kubwa. Pilipili, mbegu za maboga, kuku, chochote chenye soko tofauti na mahindi, ili siku mahindi yakishuka bei usilazimike kuuza yote siku hiyo.

Kuhusu namba 4, naomba mnisikilize kama ndugu. Mahindi yenye ukungu siyo hasara ya fedha tu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali, na kuanika mahindi ambayo tayari yameharibika hakuiondoi. Yale magunia ya kijana wangu tuliyateketeza. Kuna mtu alishauri tuyauze kwa wapika pombe. Tulikataa.

Walikwenda wapi?

Mpaka sasa katika majengo yaliyochimbwa hakuna mwili wa binadamu uliokutwa. Wanakijiji walikimbia. Mwaka 2011 iligunduliwa barabara yao nyeupe, yenye upana wa mita 2 hivi, iliyojengwa kwa majivu yaliyoshindiliwa, na mifereji ya maji pembeni. Kuna nyayo kwenye barabara ile, nyingi zikielekea mbali na kijiji. Waliacha kihenge kimejaa, muhogo umepandwa, bata amefungwa, vyombo havijaoshwa. Walichagua watu.

Na majivu yale meupe ya barabara yalitoka wapi? Yalitoka kwenye mlipuko mwingine mkubwa zaidi uliotangulia, wa volkeno ya Ilopango. Maana yake hawa walikuwa wamekuja kulima juu ya ardhi ambayo ilishafukiwa mara moja. Watu walirudi, wakachonga matuta.

Juzi nilipita kwa kijana wangu. Amelima tena, safari hii ekari mbili za mahindi, na robo ekari ya pilipili. Mahindi yanaelekea kukomaa. Nilimweleza habari za Cerén tukiwa tumekaa chini ya mwembe, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo bwana shamba, safari hii utakuwepo?"

Nitakuwepo. Tumekubaliana mistari kumi tuikunje, mistari kumi tuiache imesimama, halafu tupime unyevu pande zote mbili kwa wiki tatu mfululizo. Nitawaletea majibu hapa hapa, yawe mazuri au mabaya. Na wewe ambaye kwenu wazee walikuwa na namna yao ya kukausha mahindi mvua ikiwa bado inanyesha, tuandikie tujifunze. Kazi njema shambani.